Trekta Dogo la Kukatia Nyasi: Kuliwasha, Kuliendesha kwa Usalama na Kumhudumia Aliyejeruhiwa

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili amezoea kukuta humu masomo ya malaria, shinikizo la damu, uzazi salama na lishe. Somo la leo linahusu mashine. Sababu ni kwamba majeraha ya mashine za kukatia nyasi ni miongoni mwa yale ambayo tiba yake ni ndefu na ghali, na aghalabu haimrudishii mgonjwa kiungo alichokuwa nacho, ilhali kinga yake haihitaji dawa yoyote. Daktari wa mifupa anapompokea mtunza bustani aliyekatwa vidole vya mguu, kazi iliyobaki mikononi mwake ni kuokoa kilichosalia. Mguu mzima ulipaswa kuokolewa asubuhi ile, kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, nayo ilisukumwa kwa mikono. Leo, pamoja na mashine za kusukuma na zile za kubeba begani, yapo matrekta madogo ambayo mwendeshaji hukaa kitini na kuyaongoza kwa usukani au kwa fimbo mbili. Katika Afrika Mashariki tunayaona kwenye viwanja vya gofu na vya mpira, viwanja vya ndege, hoteli kubwa, kampasi za vyuo na maeneo ya hospitali. Mengi huingia nchini yakiwa yametumika tayari ng'ambo, bila kitabu cha maelekezo, na pengine vifaa vyake vya usalama vimekwisha kuondolewa. Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, trekta hili ni chombo cha kawaida cha nyumbani, na watoto hukua wakiliona kama mchezo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze kueleza jinsi trekta la kukatia nyasi linavyojeruhi. Kufuata hatua za kuliwasha, kuliendesha na kulizima. Kutambua nani hapaswi kuliendesha kwa sababu za kiafya. Na kutoa huduma ya kwanza na huduma ya awali kituoni kwa aliyejeruhiwa.

Jinsi mashine inavyofanya kazi na inavyojeruhi

Chini ya trekta kuna kifuniko kipana cha chuma ambacho katika somo hili tutakiita deki. Ndani ya deki kuna kisu kimoja, viwili au vitatu vinavyozungushwa na injini kwa njia ya mkanda. Ubavuni mwa deki kuna tundu la kutolea majani, na juu ya tundu hilo kuna kibao cha kuelekeza majani chini. Mwendeshaji ana pedali ya breki, gia au pedali ya mwendo, wenzo wa kuongeza na kupunguza kasi ya injini, choki, breki ya kuegesha, na swichi au wenzo wa kuunganisha visu na injini.

Ni vema kuifahamu kasi ya visu hivyo. Kisu chenye urefu wa sentimita 50 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia takriban mita 78 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Basi la abiria halikimbii hata nusu ya mwendo huo. Kitu chochote kinachokutana na ncha hiyo hupatwa na moja kati ya mambo mawili: hukatwa au hurushwa. Mguu hukatwa, jiwe, kipande cha waya, mfupa au kizibo cha chupa hurushwa kama risasi.

Aidha, kisu hakisimami papo hapo injini inapozimwa. Tangu mwaka 1982 sheria ya Marekani inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 mara mwendeshaji anapoachia mpini. Hata katika sekunde 3 hizo, kisu kilichokuwa kikizunguka mara 50 kwa sekunde na kupunguza mwendo taratibu huwa kimezunguka takriban mara 75 kabla ya kutulia. Sauti ya injini ikinyamaza, sikio hudhani hatari imekwisha, kumbe visu bado vinazunguka gizani chini ya deki.

Majeraha tunayoyaona ni ya aina tano. Kwanza ni kukatika na kusagika kwa vidole, nyayo na mikono. Pili ni majeraha ya vitu vilivyorushwa, hasa machoni. Tatu ni kubanwa na trekta lililopinduka. Trekta la nyumbani tu mara nyingi huzidi kilo 150, na uzito huo juu ya kifua humzuia mtu kupumua. Nne ni kuungua kwa petroli au kwa ekzosi. Tano ni madhara ya polepole, yaani kupungua kwa usikivu kutokana na kelele za miaka mingi.

Swichi za usalama: mlinzi anayenyamazishwa

Watengenezaji wanajua kwamba binadamu husahau. Kwa hiyo trekta la kisasa lina swichi zilizofichwa. Iliyo chini ya kiti huzima injini mwendeshaji anapoinuka huku visu vikizunguka. Nyingine huzuia injini isiwake ikiwa visu vimeunganishwa au breki haijakanyagwa. Baadhi ya matrekta huzima visu yanaporudi nyuma.

Swichi hizi zikichakaa au zikiingia maji, injini huzimika ovyo, na fundi hushawishika kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kazi iendelee. Kuanzia hapo trekta hufanya kazi bila usumbufu, na kila mtu hufurahi. Lakini lililofanyika ni kumwondoa mlinzi mlangoni kwa sababu anauliza maswali mengi. Anayenunua trekta lililotumika alijaribu jambo hili kabla ya kulipa: akae kitini, awashe injini, aachie visu bila kuviunganisha, kisha ashirikiane na fundi kupima kila swichi kwa utaratibu wa mtengenezaji, pasipo mtu yeyote kusimama karibu na deki. Swichi isiyofanya kazi ibadilishwe. Isirukwe kwa waya.

Nani asiendeshe

Mtumishi wa afya anayo nafasi ya pekee hapa, kwani yeye ndiye anayejua hali ya mgonjwa na dawa alizopewa. Tunashauri awaulize wagonjwa wake kazi wanayofanya, na awaeleze waziwazi makundi yafuatayo:

Mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa asiendeshe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari aendeshe akiwa amekula, abebe kitu kitamu, na asimame mara anapohisi jasho la ghafla, kutetemeka au kuchanganyikiwa. Mwenye ganzi ya miguu kutokana na kisukari huenda asijue kama mguu wake uko juu ya pedali au la. Huyu apimwe hisia za nyayo kabla ya kuruhusiwa.

Anayetumia dawa za usingizi au zinazoleta usingizi asiendeshe hadi athari ziishe. Dawa hizo ni pamoja na diazepamu, amitriptilini, tramadoli, na dawa za mafua na mzio kama klofeniramini na promethazini. Pombe hairuhusiwi kabisa, hata ile ya jana usiku ambayo bado imo kichwani.

Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anaweza kuendesha baada ya kushauriana na daktari wake, ila asiinamie injini inayowaka. Mfumo wa plagi hutoa mawimbi ya umeme, na desturi ni kukiweka kifaa hicho umbali wa angalau sentimita 30 kutoka humo.

Kuhusu watoto, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe trekta la kukatia nyasi, na aliye chini ya miaka 12 asitumie hata mashine ya kusukuma. Mtoto asipakatwe kwenye trekta wala asivutwe kwa kigari nyuma yake. Mtoto aliyepakiwa leo huzoea kwamba trekta ni rafiki, na kesho hulikimbilia likiwa kazini.

Kabla ya kuwasha

Maandalizi yako katika mambo matatu: mtu, eneo na mashine.

Mtu avae viatu vigumu vilivyofunika mguu mzima na vyenye soli isiyoteleza. Vilivyo na chuma kwenye vidole ni bora zaidi. Kandambili, yeboyebo na miguu mitupu havina nafasi katika kazi hii. Avae suruali ndefu, miwani ya kinga na viziba masikio. Kelele za desibeli 85 kwa saa 8 kila siku hutosha kudhuru usikivu, na mashine nyingi za petroli huzidi kiwango hicho kwenye sikio la mwendeshaji. Asivae kanga, skafu wala nguo inayoning'inia.

Eneo likaguliwe kwa miguu. Ondoa mawe, waya, chupa, mifupa, matawi na kamba. Angalia mashimo, mitaro, vichuguu na mifuniko ya maji taka iliyofichwa na nyasi. Chunguza miti na kuta kama kuna nyuki, kwa maana kelele na mtetemo wa mashine huweza kuwachokoza. Katika maeneo ya hospitali tahadhari iongezwe: ndugu wa wagonjwa hupumzika nyasini wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, watoto hucheza karibu nao, na sindano au vioo vya dawa huweza kuwapo karibu na tanuri la taka. Kazi ifanyike saa ambazo watu ni wachache, na kila mtu awe umbali wa angalau mita 15, na zaidi ya hapo kwa walio upande wa tundu la kutolea majani. Nyasi zilizolowa zisubiri zikauke, kwa kuwa huteleza na kuziba deki.

Mashine ikaguliwe injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Pima oili kwa kijiti chake trekta likiwa mahali tambarare. Angalia upepo wa magurudumu, hali ya mkanda, na kama kibao cha tundu la majani kipo mahali pake. Tazama kama visu vimelegea au vimepasuka. Kabla ya kupeleka mkono chini ya deki, chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, kwani kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini iliyodhaniwa kuwa imelala.

Petroli ijazwe nje, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala moto. Dumu liwe chini ardhini wakati wa kujazwa, wala si ndani ya gari. Usijaze hadi mdomoni. Petroli iliyomwagika ifutwe na kuachwa ikauke kabla ya kuwasha. Anayezoea kunyonya petroli kwa mpira aachane na zoea hilo. Petroli ikiingia mapafuni huleta nimonia kali.

Hatua za kuwasha

Matrekta hutofautiana, hivyo kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa panapotokea tofauti. Utaratibu wa jumla ni huu:

1. Litoe trekta nje. Usiwashe injini ndani ya stoo au gereji, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua.
2. Panda kwa upande wa kushoto au ulioelekezwa, kaa kitini vizuri, na urekebishe kiti mpaka miguu ifike kwenye pedali bila kujinyoosha.
3. Kanyaga pedali ya breki hadi mwisho na uweke breki ya kuegesha.
4. Hakikisha visu havijaunganishwa na gia iko huru.
5. Ikiwa injini imepoa, vuta choki. Ikiwa bado ina joto, choki haihitajiki. Weka wenzo wa kasi katikati au kwenye alama ya kuwashia.
6. Zungusha ufunguo. Injini isipowaka ndani ya sekunde 5 hivi, achia, subiri nusu dakika au zaidi ili mota ya kuwashia ipoe, kisha jaribu tena.
7. Injini ikiwaka, rudisha choki polepole na uiache injini ipate joto kwa dakika moja au mbili.
8. Tazama mbele, nyuma na pande zote. Ukiridhika, ongeza kasi ya injini, unganisha visu, toa breki ya kuegesha na uondoke taratibu.

Injini ikikataa kuwaka baada ya majaribio machache, chunguza mambo mepesi kwanza: petroli, nyaya za betri, breki na swichi ya visu. Mara nyingi "ubovu" ni swichi ya usalama inayotimiza wajibu wake kwa kuwa mwendeshaji hajakanyaga breki sawasawa. Usiwashe kamwe kwa kugusanisha nyaya kwa bisibisi ukiwa umesimama ardhini. Trekta lililo katika gia litakupanda.

Kuendesha na kuzima

Mwendo uwe wa polepole, na upunguzwe zaidi kwenye kona. Kwenye mteremko, trekta la kukaliwa huendeshwa kwa kupanda na kushuka, si kwa kukatisha ubavuni, kwa sababu hupinduka kirahisi kwa upande. Mashine ya kusukuma ni kinyume chake: hiyo hukatisha mteremko, ili anayeteleza asiangukie visu wala kuangukiwa na mashine. Mteremko unaozidi digrii 15, yaani unaopanda zaidi ya mita 2.7 kwa kila mita 10 za mlalo, haufai kwa trekta la kukaliwa; ukatwe kwa njia nyingine. Vivyo hivyo kingo za mitaro, mabwawa na kuta za mawe ziachiwe nafasi. Ikiwa trekta lina upinde wa chuma wa kumkinga mwendeshaji, mkanda wa kiti ufungwe. Ikiwa halina upinde huo, mwendeshaji asijifunge, maana atashindwa kujinasua likipinduka.

Kurudi nyuma ni hatari hasa kwa watoto. Simamisha visu, geuza kichwa, tazama chini na nyuma, kisha rudi, ukiendelea kutazama muda wote. Mtoto akionekana ameingia eneo la kazi, zima kila kitu papo hapo. Kumpungia mkono aondoke hakutoshi.

Deki ikiziba, usiondoe majani kwa mkono wala kwa mguu injini ikiwaka. Tenganisha visu, weka breki, zima injini, toa ufunguo, subiri mpaka kila kitu kitulie, chomoa waya wa plagi, kisha tumia kijiti. Utaratibu huohuo, ukiacha waya wa plagi, ndio wa kushuka kitini wakati wowote. Ufunguo ukae mfukoni mwa mwendeshaji.

Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Mtunza bustani wa miaka 34 analipwa kwa siku katika taasisi moja. Trekta alilokabidhiwa lilinunuliwa likiwa limetumika, na swichi ya kiti imeunganishwa kwa waya. Asubuhi kumenyesha. Majani mabichi yanaziba tundu, naye anashuka bila kuzima ili asukume majani kwa mguu, kama alivyofanya siku nyingi. Amevaa kandambili. Anateleza. Wenzake wanafunga jeraha kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ya taa, wanamtafutia usafiri, na anafika zahanati baada ya saa mbili akiwa na jeraha lenye udongo na majani, vidole viwili havipo, na hajui alipata chanjo ya pepopunda lini.

Msomaji ahesabu sehemu ambazo ajali hii ingeweza kuzuiwa: aliyenunua trekta, fundi aliyeruka swichi, msimamizi aliyeruhusu kazi kwenye nyasi mbichi, mwajiri ambaye hakutoa buti, na mwendeshaji aliyeshuka bila kuzima. Katika watu watano, mwendeshaji ni wa mwisho, lakini ndiye pekee aliyepoteza vidole. Kwa hiyo mtumishi wa afya asiridhike kuandika "uzembe" katika faili la mgonjwa.

Huduma ya kwanza

Zima injini kwanza na uondoe ufunguo, ili muokoaji asiwe majeruhi wa pili. Ikiwa mguu umenasa, chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu. Ikiwa trekta limemlalia mtu, watu wa kutosha walinyanyue kwa pamoja na mmoja amvute.

Damu inayotoka kwa nguvu izuiwe kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kutazama. Isipokoma, funga mkanda mpana wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, si juu ya kiungo kama goti. Kaza mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga, na usiulegeze njiani. Kamba nyembamba na waya havifai, kwani huharibu mishipa ya fahamu.

Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, gandisha mguu kwa ubao na umlaze mgonjwa.

Kipande kilichokatika kitafutwe. Kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Hata pale ambapo hakiwezi kurudishwa, ngozi yake huweza kumsaidia daktari kufunika jeraha.

Jicho lililochomwa lisisuguliwe, lisioshwe wala lisikandamizwe. Usichomoe kilichoingia. Lifunike kwa kikombe kidogo cha karatasi bila kugusa jicho, na mgonjwa afikishwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo bila kula, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Kwa watumishi wa kituo cha afya

Anza na damu inayomwaika, kisha njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu, kabla ya kuvutwa macho na mguu uliochanika. Aliyepinduliwa na trekta achunguzwe kifua, tumbo na nyonga hata kama analalamikia mguu pekee. Pima mapigo ya mshipa na hisia mbele ya jeraha, uyaandike. Toa dawa ya maumivu ya kutosha.

Jeraha la mashine ya nyasi lenye mvunjiko wazi lihesabiwe kuwa kubwa hata likionekana dogo. Katika mpangilio uliotolewa na Gustilo na Anderson mwaka 1976, majeraha ya shambani yenye udongo huwekwa daraja la 3 bila kujali urefu wake, kwa sababu bakteria wa udongo na majani husukumwa ndani ya misuli iliyokufa. Kiuavijasumu cha mshipa kitolewe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike: kwa mtu mzima asiye na mzio, sefazolini au seftriaksoni gramu 2, na nyongeza ya jentamisini na ya dawa dhidi ya bakteria wa udongo kwa kufuata mwongozo wa taifa na hali ya figo.

Pepopunda isisahaulike. Aliyekamilisha dozi 3 au zaidi, na ya mwisho haijatimiza miaka 5, hahitaji nyongeza. Ikiwa miaka 5 imetimia au kupita, apewe chanjo. Aliyepata pungufu ya dozi 3, au asiyejua, apewe chanjo pamoja na imunoglobulini ya pepopunda uniti 250 kwenye msuli mwingine. Wanaume watu wazima wako katika hatari zaidi, kwa kuwa wengi hawajapata chanjo tangu utotoni, tofauti na wanawake wanaochanjwa wakati wa ujauzito.

Ondoa uchafu unaoonekana, funika kwa shashi yenye maji ya chumvi, funga banzi na upeleke rufaa. Usishone jeraha hili. Kulifunga siku ya kwanza ni kufungia udongo ndani. Katika hospitali ya rufaa litasafishwa kwa upasuaji, litaachwa wazi, litaangaliwa tena baada ya saa 48 hivi, na ndipo lifungwe au lipandikizwe ngozi. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba huenda akaingia chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja. Asiyeelezwa hudhani matibabu yameshindwa, akatoroka wodini.

Matibabu ya dharura yasisubiri fomu ya PF3 wala malipo.

Wajibu wa mwajiri na haki ya mfanyakazi

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kuweka mashine salama na kutoa vifaa vya kinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ina sheria yake ya mafao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007. Haki hizi hutegemea kumbukumbu. Kwa hiyo mtumishi wa afya aandike saa na mahali pa ajali, kazi iliyokuwa ikifanyika, aina ya mashine na kiungo kilichojeruhiwa. Mistari mitano iliyoandikwa vizuri siku ya kwanza huweza kuwa ndiyo itakayomlipia mgonjwa kiatu maalumu au mguu wa bandia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si salama kuingiza mkono chini ya deki mara tu injini inapozimwa?
2. Mgonjwa anayetumia promethazini anakueleza kwamba kesho ana zamu ya kukata nyasi. Utamshauri nini?
3. Mteremko unapanda mita 4 kwa kila mita 10. Je, trekta la kukaliwa litumike?
4. Jeraha la wayo lina urefu wa sentimita 2 tu, lina udongo, na mfupa umevunjika. Je, lishonwe?

Majibu

1. Visu huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Na hata vikitulia, kuvizungusha kwa mkono huweza kuiwasha injini ikiwa waya wa plagi haujachomolewa.
2. Asiendeshe akiwa bado na athari za dawa. Abadilishiwe zamu au dawa, na apewe cheti cha kumwonesha msimamizi wake.
3. Hapana. Umezidi mita 2.7 kwa kila mita 10.
4. Hapana. Ni mvunjiko wazi wa daraja la 3: viuavijasumu, kinga ya pepopunda, banzi na rufaa.

Tunamwomba msomaji jambo moja baada ya kulisoma somo hili. Ikiwa katika taasisi yake kuna trekta la kukatia nyasi, amwendee mwendeshaji wake wiki hii, aitazame miguu yake amevaa nini, kisha amuulize kama injini huzimika anapoinuka kitini.